Uboho wa Mama

Wakulima wa Gatongora na sehemu nyingine za Ruiru wajua maana ya kupandikiza. Tangu kituo cha utafiti cha Ruiru kilipotoa kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985, baadhi yao wameunga kitawi cha mbuni mpya juu ya shina la zamani, na mti ukampokea mgeni wake. Mwili wa binadamu si mpole hivyo.

Ili kumponya mwenye saratani ya damu, pengine waganga huuangamiza uboho wake kwa dawa kali, kisha humtia mishipani chembe changa zizaazo damu, yaani seli shina, zilizotoka kwa mwingine. Dokta E. Donnall Thomas wa Marekani alieleza majaribio yake mwaka 1957. Hakupona hata mmoja. Katika miaka ile, ama mwili uliwakataa wageni, ama wageni waliugeukia mwili na kuushambulia.

Ufunguo ulikuwa katika damu ya akina mama. Mwaka 1958 Jon van Rood huko Uholanzi, na Rose Payne huko Marekani, walionyesha kuwa damu ya baadhi ya wanawake waliopata kuzaa ina kinga inayopigana na chembe nyeupe za watu wengine. Kinga hiyo iliamshwa na mimba, kwani nusu ya alama za mtoto ni za baba. Kwa kinga hiyo wataalamu walijifunza kuzitambua alama na kuzilinganisha.

Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja ana bahati moja tu katika nne ya kulingana kabisa na mgonjwa. Mama hulingana nusu, daima. Nusu ambayo zamani ilikuwa hatari tupu. Madaktari wa Perugia, Italia, waliipunguza hatari kwa kuziondoa chembe zenye kushambulia. Wale wa Baltimore, kwa dawa ya siklofosfamidi itolewayo siku chache baada ya kupandikiza.

Je, mama ampita baba? Uchunguzi wa Perugia wa mwaka 2008 ulisema naam, labda kwa kuwa mwili wake ulikwisha kuzoeana na mtoto tumboni. Beijing, kwa njia nyingine, walipata kinyume mwaka 2014. Neno halijakatwa. Lakini katika orodha za dunia za watu waliojitolea kutoa uboho, Waafrika ni wachache mno. Mtoto wa Ruiru asiye na ndugu wa kulingana naye hupimwa pamoja na wazazi wake.