Chanjo ya mbwa: Mambo ya kupima kabla ya kuamua Meru na Embu

MFUGAJI wa mbwa katika kaunti za Meru na Embu anapofikiria chanjo, swali la kwanza huwa ni gharama. Hata hivyo, lipo swali linalopaswa kutangulia hilo: ni chanjo ipi humkinga mbwa peke yake, na ni ipi humkinga pia binadamu anayeishi naye?

Chanjo ya kichaa cha mbwa iko katika kundi hilo la pili, na ndiyo sababu haipaswi kuwekwa kwenye mizani sawa na nyingine. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki, awe mtu au mnyama. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na watoto wa chini ya miaka 15 ni asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo.

Nchini Kenya, kichaa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi. Mnamo 2014, serikali ilizindua mkakati wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo ifikapo 2030. Wakati huo ilikadiriwa kuwa watu wapatao 2,000 walikuwa wakifa kila mwaka. Nguzo kuu ya mkakati huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, kiwango ambacho kikifikiwa virusi hukosa njia ya kuenea.

Hatari hiyo haiko mbali na wakazi wa Meru na Embu. Mbwa wa huko hulinda mashamba ya miraa Igembe na Tigania, muguka Mbeere, na kahawa na majani chai katika miteremko ya Mlima Kenya. Wengi hufungwa mchana na kuachiliwa usiku, wakakutana na mbwa koko masokoni au bweha kandokando ya vichaka. Mbwa wa namna hii hana budi kuchanjwa.

Kwa kawaida, sindano ya kwanza ya kichaa hutolewa mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Katika kampeni za umma, WHO hupendekeza hata vilebu wa umri mdogo zaidi wachanjwe, kwa kuwa nao wanaweza kuambukizwa na kuwauma watoto wanaocheza nao.

Baada ya hapo ndipo mfugaji anapoweza kupima chanjo nyingine kulingana na maisha ya mbwa wake. Distempa na parvo huua vilebu wengi, na kutibu parvo hugharimu zaidi ya kuizuia. Chanjo hizo huanza kilebu akiwa na majuma sita hadi manane, zikarudiwa kila baada ya majuma matatu au manne hadi afikishe majuma 16. Hurudiwa kwa sababu kinga aliyoipata kutoka kwa maziwa ya mama inaweza kuizima sindano ya mapema.

Athari za distempa huvuka mipaka ya boma. Mwaka wa 1994 ugonjwa huo uliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti, Tanzania, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji jirani.

Chanjo ya leptospira nayo humfaa zaidi mbwa anayekaa penye panya wengi au maji yaliyotuama. Ugonjwa huo huambukiza binadamu pia kupitia mkojo wa mnyama.

Kabla ya sindano, mfugaji ana haki ya kuuliza maswali. Je, anayechanja amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya? Je, dawa imehifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, hata ikiwa imenunuliwa katika duka la agroveti? Je, muda wake wa matumizi haujapita? Dawa iliyopata joto huweza kumwacha mbwa bila kinga huku mwenyewe akiamini yuko salama.

Mbwa mgonjwa au aliyedhoofika huahirishiwa chanjo hadi apate nafuu. Uvimbe mdogo, homa kidogo au uchovu wa siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Lakini akivimba uso au kupumua kwa shida, arudishwe kwa daktari mara moja.

Wapo wanaoamini kwamba chanjo humpunguzia mbwa ukali, hivyo hushindwa kulinda. Imani hiyo haina msingi, kwani chanjo hufundisha mwili kupambana na virusi, haibadilishi tabia.

Mtu akiumwa, hata na mbwa aliyechanjwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe kiholela. Ikiwezekana, afungwe na kuchunguzwa kwa siku 10.

Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za mbwa na udhibiti wa wanyama ni jukumu la kaunti. Asiyemudu gharama aulize katika ofisi ya mifugo iliyo karibu kuhusu kampeni za bure au za bei nafuu, ambazo mara nyingi hupangwa kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kadi ya chanjo ihifadhiwe vyema, kwani ndiyo itakayoulizwa kwanza mbwa akimuuma mtoto wa jirani.