Barza, payoti na paa linalofunguka: namna ya kuchagua kivuli cha lupango

Wanaojenga nyumba siku hizi, hata hapa kwetu Kamina, wanapokea katika simu picha za aina mpya ya kivuli. Ni nguzo nne za alumini na, pahali pa paa, vibao vyembamba vilivyopangwa kimoja kimoja sawa mbavu. Ukizungusha mkono wa chuma, ao ukibonyeza kidude cha umeme, vibao vyote vinageuka pamoja. Vikisimama, hewa na mwanga vinapita. Vikilala, kimoja kinakalia kingine na mvua haiingii. Kwa Kifaransa wanaiita pergola bioclimatique. Mwenye lupango anaangalia picha, anaangalia mfuko wake, kisha anauliza: «Hii njo itanifaa, ao niweke tu tole?»

Swali hilo linaonekana ni la fundi. Kwa kweli ni la historia pia. Kila kizazi cha hapa kwetu kimechagua paa lake la nje, na kila mara paa hilo lilionyesha nani anaruhusiwa kukaa chini yake. Katika kurasa hizi tutafuata historia hiyo kwa kifupi, halafu tutarudi kwa vibao vya alumini.

1. Fasi ya siri na fasi ya wazi

Masimulizi ya Baluba juu ya mwanzo wa ufalme yanajulikana na kila mtu aliyekaa karibu na wazee. Nkongolo Mwamba alikuwa anakula na kunywa mbele ya watu wote. Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka upande wa mashariki, alikataa: kwake mkubwa anakula kando, watu wasimwone. Adabu hiyo ikawa adabu ya Bulopwe. Baadaye Nkongolo alipotaka kumwua Kalala Ilunga, mtoto wa Mbidi, alichimba shimo katika uwanja wa kuchezea na kulifunika kwa mkeka. Mpiga ngoma akamwonya kijana kwa sauti ya ngoma, na Kalala akaokoka.

Tukiyasoma masimulizi haya kwa jicho la mwalimu, tunaona ndani yake mpango wa makao. Kuna fasi ya siri na kuna fasi ya wazi. Kula kando ni heshima; lakini uwanja wa wote ukificha kitu, ni hatari.

Fasi ya wazi ilihitaji kivuli, na hiyo ndiyo kazi ya payoti. Jina limetoka kwa Kifaransa, lakini kitu chenyewe ni cha wazee: nguzo, paa la majani, bila ukuta. Nguzo zilichaguliwa kwa akili. Mubanga na mulombwa ni miti migumu; mubanga hasa mchwa wanaushindwa kwa miaka mingi. Majani yanakatwa wakati wa kiangazi, yakisha kukauka na kabla moto wa pori haujayala. Paa linainuliwa mwinuko mkali ili maji yateremke mbio. Likilala sana, majani yanaoza. Moto mdogo unaowashwa chini unasaidia pia, maana moshi unafukuza wadudu wanaokula majani.

Payoti nzuri inapumua. Joto linapanda juu na kutoka kati ya majani, upepo unapita pande zote. Na mvua ikinyesha, haina kelele: wazee wanaendelea na masolo yao. Ubaya wake ni mmoja: kila baada ya miaka michache lazima kuifunika upya. Lakini kazi hiyo ilikuwa inaita watu, na watu walipokwisha kazi walikaa chini yake.

2. Neno «barza» limetoka wapi

Nikiuliza darasani neno barza limetoka wapi, wanafunzi wengi wanajibu: «Ni Kifaransa, mwalimu.» Hawana kosa kabisa, kwa sababu katika Kifaransa cha Kongo kila mtu anasema la barza kwa veranda ya mbele ya nyumba. Lakini mzungu wa Brussels asiyefika huku hatalielewa. Neno ni letu: ni baraza ya Kiswahili.

Kule pwani, Zanzibar na Lamu, baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njia. Mwenye nyumba anakaa pale jioni, jirani anapita, anasalimia, anakaa. Mgeni anapokelewa bila kuingia ndani penye wanawake na watoto. Kwa hiyo baraza ikawa pia jina la mkutano: Sultani wa Zanzibar alikuwa na baraza lake la kupokea watu, na hata leo serikali za Tanzania na Kenya zina Baraza la Mawaziri.

Neno hilo lilifika kwetu kwa miguu, pamoja na misafara ya biashara ya pembe na ya watumwa. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba, kwenye makao ya Mulopwe Kasongo Kalombo, alimkuta tayari mfanyabiashara wa pwani, Juma Merikani, amekaa pale. Tusisahau uchungu wa biashara ile. Lakini tukumbuke pia kwamba lugha tunayosemea leo ilipita njia hiyo hiyo, kabla ya kukomazwa na kampuni, reli na mashule.

Neno halikusimama kwa nyumba tu. Katika Kivu ya Kaskazini, mwaka 1998, wakubwa wa makabila walipounda chombo cha kutafuta amani kati ya jamii zao, walikiita Barza Intercommunautaire. Walitafuta jina la pahali ambapo mtu anakaa na mwenzake hata kama wamekosana, na jina walilolipata ni la veranda.

3. Barza ya wazungu, lupango ya wafanyakazi

Kamina ya leo ni mtoto wa reli. Njia ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ilimalizika mwaka 1928. Mwaka 1956 njia ya kwenda Kabalo iliunganishwa, na Kamina ikawa njia panda ya kweli. Kati ya hapo, kisha vita ya 1940-1945, Wabelgiji walijenga BAKA, kambi kubwa ya kijeshi.

Nyumba za wazungu wa wakati ule zinajulikana: paa pana linaloshuka mbali kupita ukuta, na chini yake barza ndefu, mara nyingine kuzunguka nyumba nzima. Ile haikuwa urembo. Ukuta usiopigwa na jua hautunzi joto, na usiku mtu analala. Lakini barza ile haikuwa baraza ya pwani. Mweusi hakukaribishwa kukaa pale. Njia yake ilikuwa ya nyuma, upande wa jiko na boyeri. Paa lilikuwa pana, watu wa chini yake walikuwa wachache.

Katika makambi ya wafanyakazi na katika cité, nyumba ilikuwa ndogo na tole ilikuwa inachoma mchana. Kwa hiyo maisha yalitoka nje, katika lupango. Mama anapika kwa mbabula chini ya mwembe, baba anasimika payoti, kilio kinakaa pale, ndoa inasemwa pale. Mpango wa kampuni haukuwa na fasi ya kukutania. Watu waliitengeneza wenyewe.

4. Barza inafungwa

Kisha Uhuru wa 1960, nyumba zile za barza kubwa zilipata wenyeji wengine. Kwa muda barza ilirudia maana yake: viti mbele, uso kwa njia, «Karibu, njoo twikale kidogo fasi ya mupepo.»

Halafu miaka ya 1990 ilikuja, na uporaji wa 1991 katika miji mingi ya nchi, na wasiwasi wote uliofuata. Mwenye uwezo aliweka antivole. Kisha alifunga barza kwa matofali ili apate chumba kimoja zaidi, maana jamaa walikuwa wameongezeka. Kisha aliinua ukuta wa lupango na kuweka mlango wa chuma. Hatuwezi kumlaumu: mtu analinda watoto wake. Lakini tuone kilichotokea. Kivuli kilihama kutoka mbele ya nyumba kwenda nyuma. Jirani anayepita hasalimii tena, maana hamwoni mtu. Pergola tunayoiona katika picha inakuja kukuta hali hiyo tayari, na karibu katika picha zote imewekwa nyuma, ndani ya ukuta, na viti sita.

5. Jua la Kamina na paa linalogeuka

Sasa turudi kwa vibao. Ni akili nzuri, tusikatae. Kamina iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwisho wa Februari, jua la saa sita linasimama juu ya kichwa kabisa. Mwezi wa Juni linapita upande wa kaskazini, nyuzi zaidi ya 30 kutoka juu ya kichwa. Mwezi wa Desemba linapita upande wa kusini, karibu nyuzi 15. Vibao vilivyopigiliwa misumari bila kugeuka vinaweza kukupa kivuli katika majira moja na kukuacha juani katika majira mengine. Vibao vinavyogeuka vinafuata jua. Wakati wa kiangazi, asubuhi ya Juni yenye baridi, unavifungua ili jua likupashe moto. Saa sita unavielekeza upande mwingine.

Lakini paa hilo lina masharti yake. Kwanza mvua. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mvua yetu inakuja na upepo, kwa nguvu. Vibao vikifungwa, maji yanapita katika mifereji myembamba na kushuka ndani ya nguzo. Ukiiweka chini ya mwembe, majani na vumbi la kiangazi vitaziba mifereji, na mvua ya kwanza itakunyeshea ndani. Lazima mtu apande kusafisha kabla ya Oktoba.

Pili umeme. Mota inataka moto wa hakika. Ukikatika wakati vibao viko wazi na wingu jeusi linakuja, utafanya nini? Kwetu, mkono wa kuzungusha ni bora kuliko kidude cha kubonyeza.

Tatu matengenezo. Majani ya payoti yanapatikana porini, tole inapatikana sokoni. Kibao kimoja cha alumini kikivunjika, kitatoka mbali, na kipimo chake kinaweza kuwa hakipo tena.

Nne, hakuna paa, la majani wala la alumini, linalozuia jua la saa kumi na moja, maana linaingia kwa upande. Wazee walilijibu kwa mkeka wa kutundika upande wa magharibi, na jibu hilo halijazeeka.

Na tole? Ni rahisi na inadumu, lakini mchana inatema joto na mvua ikianza hakuna anayesikia mwenzake. Anayechagua tole aiinue juu, aache nafasi ya hewa, aweke mkeka ao mianzi chini yake.

6. Tuchague watu kwanza

Katika mji wetu, kivuli cha lupango kinapimwa siku ya kilio. Siku hiyo watu wanakuja bila kuitwa, wanakaa usiku na mchana, wanakodi bashi na viti. Mwenye pergola ya viti sita atafunga bashi pembeni yake, na mapambo yake ya bei yatakuwa fasi ya kuweka masufuria. Mwenye payoti pana atawaambia watu: kaeni.

Kwa hiyo shauri letu kwa anayejenga ni hili. Kabla ya kuuliza bei, ahesabu watu anaotaka wakae. Kama ni wengi, payoti ya mubanga na majani, ao tole iliyoinuliwa vizuri, inashinda. Kama ana uwezo wa vibao vinavyogeuka, avichukue, lakini vya kuzungusha kwa mkono, mbali na mwembe, na upana wa kutosha benchi ndefu. Na kama usalama wa mtaa unaruhusu, asiviweke nyuma. Aviweke mbele, upande wa mlango, pale barza ilipokuwa, na mchana mlango huo ubaki wazi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbidi Kiluwe alikuwa na haki: kuna mambo ya kufanya kando, na kwa hayo tuna vyumba na milango. Lakini lupango isiyobakiza hata kivuli kimoja cha wote, watoto wake watajifunza wapi kusalimia, kusikiliza wakubwa na kusuluhishwa? Paa litafunguka na kufungika tunavyotaka. Tuangalie tu lisitufundishe kufunga na mlango.