Unyayo wa chipu: kutoka stika za mezani hadi skripti

Tuseme kijana wa Ruhembe anataka kutengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwenye shamba la miwa. Mchoro wa bodi ya saketi anaufanya kwenye laptop, bodi anaiagiza China, halafu anasubiri wiki kadhaa. Bodi ikifika na miguu ya chipu haikai kwenye pedi zake, basi hela imekwenda na msimu nao unaweza kuwa umempita.

Hizo pedi za shaba, kwa mpangilio na vipimo vyake, ndizo tunaziita unyayo wa chipu. Je, zamani unyayo ulichorwaje?

Kabla ya kompyuta, mchoraji alibandika tepu nyeusi na stika za pedi kwenye plastiki angavu, mara nyingi kwa ukubwa mara mbili au nne ya bodi yenyewe. Kisha picha ilipigwa na kupunguzwa. Mwaka 1964 kampuni ya Fairchild ya Marekani ilikuja na chipu yenye safu mbili za miguu, iitwayo DIP. Miguu yake imeachana milimita 2.54, yaani sehemu ya kumi ya inchi. Kwa hiyo stika moja ilifaa kwa chipu nyingi.

Urusi ya Kisovieti yenyewe ilitumia milimita 2.5. Tofauti ni 0.04 tu, lakini hebu piga hesabu: kwenye safu ya miguu 20 kuna nafasi 19, kwa hiyo mguu wa mwisho unahama kwa milimita 0.76. Hapo hauingii kwenye tundu lake!

Miaka ya 1980 vijenzi vya kulehemiwa juu ya bodi vilienea, vya kila umbo na saizi. Programu zilikuwa na maktaba za nyayo, ila nyingi zilichorwa na mtu, moja baada ya nyingine. Mwaka 2005 kikatoka kiwango cha IPC-7351, kilichoeleza hesabu yake: chukua kipimo kikubwa na kidogo cha kijenzi, weka kosa la kiwandani, ongeza nafasi ya lehemu. Na hesabu ikishaandikwa wazi, kompyuta inaiweza.

Ndivyo inavyofanyika kwenye KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa. Nyayo nyingi za maktaba yake hutolewa na skripti za Python: skripti inasoma jedwali la vipimo, inatoa nyayo za familia nzima ya chipu. Kanuni ikirekebishwa mara moja, zote zinatengenezwa upya.

Ila ubaya nao husambaa vilevile. Kanuni ikiwa na kosa, familia nzima inakosea, na skripti haijawahi kuishika hiyo chipu mkononi. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, chapisha mchoro stesheneri kwa asilimia 100, weka chipu juu ya karatasi, utazame kila mguu umekaa wapi. Gharama yake ni karatasi moja tu.