Vyuma Chakavu vya Vita na Somo la Kongwa

Kila ninapofundisha historia ya Mpango wa Karanga wa Tanganyika, wanafunzi hutaja upesi sababu mbili za kuanguka kwake: uhaba wa mvua na kiburi cha wakoloni. Zote mbili ni za kweli. Ni nadra, hata hivyo, kusikia swali la tatu: mashine za kufyeka msitu ule zilitoka wapi? Jibu lake linawahusu hata wale wanaoketi leo katika kamati za zabuni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, ambao kwa majuma tisa tu ulizunguka Afrika Mashariki na Kati, kisha ukapendekeza kulimwa zaidi ya ekari milioni tatu za karanga, nyingi zaidi zikiwa Tanganyika. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, na kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947.

Matrekta mapya hayakupatikana. Viwanda vilikuwa na foleni ndefu ya wateja, na Uingereza haikuwa na dola za kununulia bidhaa za Marekani. Lakini vita vilikuwa vimeacha maghala na yadi zilizojaa mitambo ambayo majeshi hayakuihitaji tena. Wanunuzi wakaenda Ufilipino na Misri kukusanya matrekta na matingatinga yaliyoachwa na majeshi. Mengi yalikwisha kutumika hadi kuchoka, na mengine yalikuwa yamekaa nje yakiliwa na kutu.

Udongo wa Kongwa haukuwa na huruma. Wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, na mchanga wake husaga chuma. Miti ilikuwa na mizizi mirefu iliyovunja majembe. Mashine zilipoharibika, vipuri havikuwapo, kwa kuwa aina zilikuwa nyingi na kila aina ilidai vyake. Karakana zikajaa mashine zinazosubiri matengenezo. Ekari zilizopandwa katika msimu wa kwanza hazikufika hata 10,000.

Ndipo likaja wazo la kugeuza vifaru. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru vya Sherman, ikaviondolea mizinga na kuvifanya matrekta yaliyoitwa Shervick. Kwa mbali wazo hilo lilivutia: silaha inageuzwa kuwa jembe. Lakini kifaru huundwa ili kibebe silaha, kikimbie na kupigana. Kuvuta mzigo mzito polepole, saa baada ya saa, ni kazi nyingine kabisa. Shervick hazikuuokoa mpango. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliufuta pamoja na hasara ya takriban pauni milioni 36.

Hoja yangu haipingi matumizi ya vyuma chakavu. Mafundi wetu wamefufua magari kwa vipuri vya mitumba kwa miaka mingi, na wanastahili heshima. Ila fundi anapookoa kipuri, hujua kimetoka kwenye mashine gani, kimechakaa kiasi gani na kitafaa wapi. Wapangaji wa karanga walinunua marundo kabla ya kuwa na maarifa hayo. Urahisi wa bei uliwapofusha, na gharama ikaangukia ardhi na watu ambao hawakuulizwa.

Kuna deni jingine. Miaka ya 1960 Kongwa ile ile iliwapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, kwa hiyo ardhi yake ina tabaka mbili za historia. Tanki moja la mafuta, mnyororo wa trekta au kibati chenye namba ya kiwanda ni ushahidi ambao mwanahistoria hawezi kuupata katika hotuba za mawaziri. Ukishapimwa kwa kilo na kuyeyushwa, haurudi.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa umma, kabla ya mnada wa mitambo iliyochakaa, piga picha, nakili namba, andika ilikotoka na kazi iliyoifanya. Na kabla ya kununua iliyotumika, uliza kwanza vipuri viko wapi na nani ataitengeneza. Maswali hayo hayana gharama. Tanganyika ya 1947 ingenufaika nayo sana.