Chemko Lililobaki Ukumbini: Gurumo wa Masaki na Nyimbo Zisizotosha kwenye Kanda

Nikitaja Masaki mbele ya wanafunzi wangu, wengi hufikiria balozi, hoteli na upepo wa bahari. Masaki ninayoikusudia hapa haina bahari. Ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, nchi ya mihogo na mikorosho, ambako Wazaramo wamecheza wali wao kwa vizazi vingi. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1940 Muhidin Maalim Gurumo, na huko ndiko alikorudishwa kuzikwa Aprili 2014, baada ya kuimba kwa zaidi ya nusu karne.

Nimemkumbuka kwa sababu ya swali nililoulizwa darasani. Tulikuwa tukijadili utamaduni na dola baada ya Uhuru, nami nikawashauri wanafunzi waende siku moja kuwasikiliza Msondo Ngoma au Mlimani Park, maarufu kwa jina la Sikinde, wakiwa jukwaani. Juma lililofuata kijana mmoja akasimama. “Mwalimu, samahani. Wale wazee wanapiga vizuri, lakini mbona wimbo mmoja wanauvuta mpaka unachosha? Redioni ni dakika sita, kule haukwisha. Hawana nyimbo mpya?” Darasa likacheka. Nilimjibu kwa kifupi, na jibu langu halikuniridhisha. Makala haya ni jaribio la pili.

Nakiri kwamba hata mimi niliwahi kushangaa kama yeye. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni nilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye dansi la Sikinde. Bendi ilipoanza “Neema”, wimbo wa Cosmas Tobias Chidumule ambao mama yangu aliuimba akipepeta mchele, nilijiona niko nyumbani. Nilizijua beti zote. Beti zikaisha, nikangoja wimbo uishe kama ulivyokuwa ukiisha redioni. Haukuisha. Nilitoka nje kununua mishikaki, nikala, nikarudi, na “Neema” ilikuwa bado inaendelea. Tofauti ni kwamba ukumbi mzima sasa ulikuwa umesimama, na mpiga gitaa la solo, ambaye mwanzoni sikumtambua hata kidogo, ndiye aliyekuwa ameushika usiku mkononi.

Sehemu hiyo ya pili ya wimbo wanamuziki wetu huiita chemko. Wimbo wa dansi kwa kawaida huanza taratibu: waimbaji wanasimulia kisa, wanaonya, wanalalamika, na kiitikio kinarudi mara mbili tatu. Kisha mwendo unabadilika. Gitaa la solo na la pili yake yanaanza kujibizana, lile la ridhimu linashikilia mzunguko mfupi usiobadilika, besi inazidi kusukuma, tumba zinakoleza, na wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni wanaingia kwa vipande vifupi vinavyorudiwa. Waimbaji hawasimulii tena. Wanatoa miito mifupi na kuitikiana. Redioni sehemu hii huchukua dakika mbili au tatu, kisha fundi mitambo anaipunguza sauti hadi inapotea. Ukumbini hakuna wa kuipunguza.

Wapo wanaosema kwamba tuliyachukua haya kutoka Kongo, na kwa sehemu ni kweli. Mpangilio wa wimbo wenye beti za polepole kisha sebene unatokana na rumba ya Léopoldville, na wanamuziki wengi wa Kongo walihamia Dar es Salaam na kupiga humu. Lakini tazama majina ambayo bendi zetu mbili kongwe ziliyachagua kwa ajili ya mitindo yao. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Msondo ni ngoma ya pwani hii hii, inayohusiana na unyago. Mtu aliyekulia Kisarawe anajua kwamba katika ngoma wimbo unaweza kuwa na mistari miwili tu na ukachezwa mpaka kuku wawike. Kiongozi anatupa mstari, watu wanaupokea, wapigaji wanapandisha. Kinachoamua mwisho ni miguu ya wachezaji na umahiri wa wapigaji. Urefu wa maneno hauna sauti katika jambo hilo. Gurumo, Mzaramo wa Masaki, alikuwa mmoja wa waliosimama mbele katika bendi zote mbili, na sidhani kwamba majina hayo yalichaguliwa kwa kupendeza masikio tu. Yalikuwa maelezo ya kazi yenyewe.

Sasa tuje kwenye dola, maana bila dola historia hii haieleweki.

Januari 1964 jeshi la Tanganyika liliasi. Baada ya maasi kuzimwa, baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, shirikisho lao likavunjwa, na kwa sheria kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi nchi nzima, NUTA. Mwaka huo huo NUTA ikaanzisha bendi, na Gurumo, aliyekwisha kupita katika bendi za Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, akawa miongoni mwa waanzilishi. Mfano huo ulienea. Umoja wa Vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz, polisi, magereza na JKT wakawa na bendi zao, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na yake, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, na mabasi ya UDA nayo yakawa na UDA Jazz. Mwanamuziki aligeuka mtumishi. Alipata mshahara, jambo ambalo wanamuziki wa nchi nyingi hawakulijua, lakini gitaa alilopigia lilikuwa mali ya mwajiri. Alipohama aliliacha stoo.

Vilevile alipotaka wimbo wake usikike, mlango ulikuwa mmoja: Radio Tanzania Dar es Salaam. Hatukuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Santuri zilitengenezwa Kenya, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 na kubaki umefungwa hadi 1983. Bendi ilikwenda studio za redio, ikapiga nyimbo zake kwa mkupuo, na kanda ikabaki redioni. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Muda nao ulikuwa na mipaka, kwani kipindi cha redio kina saa zake. Santuri ndogo ilikuwa na mipaka mikali zaidi: upande mmoja haukuzidi sana dakika nne, ndiyo maana nyimbo nyingi za zama zile zilikatwa katikati na kuandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Mchezaji aliyekuwa amekolea sebuleni ilimbidi asimame akaigeuze santuri.

Kwa hiyo kile tunachokiita leo “wimbo wenyewe” ni kipande kilichopimwa na mashine, ratiba na kamati. Hoja yangu kwa yule kijana ni hiyo. Wazee hawauvuti wimbo ukutani. Redio ndiyo iliyoukata, nao ukumbini wanaurudisha kwenye urefu wake.

Hili si letu peke yetu. Bendi ya rock ya Marekani, Grateful Dead, iliyoanza mwaka 1965, ilitoa wimbo “Dark Star” katika santuri ndogo ya mwaka 1968 ukiwa haujafika dakika tatu. Mwaka uliofuata, katika albamu yao iliyorekodiwa jukwaani, wimbo huo huo ulipita dakika 23. Tofauti kati yao na sisi ni nini kilifuata. Bendi ile iliwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho, na mwaka 1984 ikaanza kuwatengea sehemu maalumu ya kuweka vinasa sauti vyao. Leo mtafiti anayetaka kujua jinsi wimbo mmoja ulivyobadilika kwa miaka 30 anaweza kuufuata usiku kwa usiku. Mtafiti wa Sikinde anayo kanda ya redio, na kumbukumbu za watu wanaozeeka.

Najua pingamizi, na lina uzito. Kuna kuvuta wimbo kwa sababu ya sanaa na kuna kuvuta kwa sababu ya njaa. Mtu akipanda jukwaani kumtunza mwimbaji noti, mwimbaji hawezi kumkatisha. Akitokea wa pili na wa tatu, kiitikio kinarudi mara nyingine kumi, na majina ya watunzaji yanatajwa. Bendi isiyo na fedha za mazoezi hujificha pia ndani ya nyimbo nne ndefu badala ya kuandaa kumi na mbili. Nimewahi kukaa katika dansi ambalo chemko lilikuwa limekufa dakika kumi kabla ya bendi kukubali kulizika. Na tusijidanganye kwamba chemko lilikuwa ngome ya uhuru dhidi ya serikali: miito mingi ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa ya kusifu chama, shirika au meneja.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kamati haikuweza kulifanya. Iliweza kusoma shairi, lakini haikuweza kusoma gitaa. Beti zilipokwisha, kazi iliyobaki haikuwa na karatasi ya kupitishwa. Huko ndiko mtindo wa bendi ulikozaliwa, na mtindo ndiyo mali pekee ambayo mwanamuziki aliyeacha gitaa stoo aliweza kuondoka nayo. Mwaka 1978 Gurumo na wenzake waliihama bendi ya chama cha wafanyakazi, wakati huo ikiitwa JUWATA, wakaenda kuanzisha bendi katika baa ya Mlimani Park, jirani na kilima chetu cha Chuo Kikuu. Hawakwenda na vyombo. Mwaka 1983 bendi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 Gurumo akahamia Orchestra Safari Sound na wenzake kadhaa, na baadaye akarudi kwenye bendi yake ya zamani, ambayo kwa kufuata majina ya chama iligeuka OTTU Jazz na hatimaye Msondo Ngoma. Wasikilizaji waliwafuata waimbaji hawa kutoka ukumbi hadi ukumbi kama wafuasi wa timu za mpira. Hawakufuata maneno tu, kwa sababu maneno yalipatikana redioni bila kiingilio.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu huenda mnajiuliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu kwa njia ya sheria. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sehemu ya kwanza ya jina hilo inamlinda mtunzi, na sehemu ya pili inamtambua pia mwigizaji wa kazi. Lakini nenda kwenye mazoezi ya bendi yoyote ya dansi. Mmoja analeta maneno na sauti ya kuanzia. Mpiga solo anabuni mlango wa kuingilia, wa besi anauchimbia msingi, wapulizaji wanakubaliana vipande vyao pembeni. Kwenye kumbukumbu ya redio panaandikwa jina la mtunzi na jina la bendi. Aliyelibeba chemko kwa miaka 20, akalibadilisha kila Jumamosi mpaka likawa ndilo linalowatoa watu vitini, hana mstari wake. Na kwa kuwa Jumamosi zile hazikurekodiwa, hana hata ushahidi wa kuupeleka popote. Mashirika yalipoacha kulea bendi katika miaka ya mageuzi ya uchumi, watu hawa walibaki na viingilio vya mlangoni na noti za watunzaji. Ndipo wimbo ukazidi kurefuka, na ndipo sisi tukaanza kuwaona wachovu.

Gurumo alistaafu mwaka 2013. Mwaka huo huo kijana wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, alimzawadia gari, na magazeti yakalisifu tendo hilo, kwa haki. Mimi niliposoma habari ile nilijiuliza swali la kihasibu tu: je, ni saa ngapi za kazi mtu huyu alizifanya tangu 1964, na ni ngapi kati ya hizo zimo kwenye kanda yoyote ambayo mtu anaweza kuilipia?

Idara zetu za sanaa vyuoni zina vinasa sauti. Shirika la utangazaji la taifa lina mafundi. Kumbi bado zipo, na baadhi ya wapigaji wa miaka ya 1980 bado wanapanda jukwaani. Kurekodi usiku mmoja mzima wa Msondo na mwingine wa Sikinde, kuanzia kupima vyombo hadi watu kutawanyika, na kuandika jina la kila mpigaji katika kila wimbo, hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji barua moja na mtu wa kuisaini.

Yule kijana wa darasani alirudi ukumbini, safari hii bila kutumwa. Alinionyesha alichorekodi kwa simu. Picha ni ya giza, sauti inapasuka kila tarumbeta zinapoingia, lakini solo inasikika vizuri, na mahali fulani mzee mmoja anapita mbele ya simu akicheza peke yake, kofia mkononi. Inaishia katikati ya chemko. Nikamuuliza kwa nini alikatisha.

“Simu ilijaa, Mwalimu,” akaniambia. “Wao walikuwa bado wanaendelea.”