Kuandika jina: kutoka buku la Bula Matari mpaka fomu ya tovuti

Wengi wetu tunauza mbegu, miche ao mashauri ya kilimo. Tukifungua tovuti, kitu cha kwanza tunaweka ni fomu ya kukamata wateja: jina, simu, email, kijiji, ukubwa wa shamba, mapato ya mwaka. Kisha tunalalamika: watu wanaingia, wanaangalia, wanatoka bila kuandika kitu. Mbele ya kumulaumu mukulima, tuangalie kwanza historia ya kuandikwa jina huku kwetu Maniema.

Kwa dekre ya tarehe 2 Mei 1910, kila mutu alipaswa kuandikwa katika sheferi yake. Bila paspoti, hakuruhusiwa kukaa nje yake zaidi ya siku 30. Mwaka wa 1917 serikali ya Wabelgiji ikaweka mazao ya lazima, mpaka siku 60 za kazi kwa mwaka, na pamba ikaanza kulazimishwa hapa Maniema na kule Sankuru. Mwenye jina katika buku ndiye aliyepimiwa shamba la pamba, na ndiye aliyedaiwa kodi. Wengine wakakimbilia porini. Haukuwa ujinga: walielewa vizuri kama jina lao linaleta kazi, halileti faida.

Sasa tulinganishe na 2005. Watu walipanga mistari mirefu ili waandikwe kwa uchaguzi, na katika inchi nzima zaidi ya milioni 25 waliandikwa. Juu ya nini? Juu ya kura, ndiyo. Lakini pia kila mumoja alirudia nyumbani na karte yenye picha yake, yenye kutumika kama kitambulisho. Katika inchi yenye sensa yake ya mwisho ni ile ya 1984, karte hiyo haikuwa kitu kidogo. Mutu alitoa jina, akapokea kitu mukononi.

Fomu ya tovuti inapimwa kwa mizani ileile. Uliza tu kile unahitaji kwa kumupigia mara ya kwanza: jina, namba ya simu, zao analolima. Email usiilazimishe; mukulima wa Wamaza utamupata kwa simu. Ukubwa wa shamba na mapato vinafanana sana na maswali ya kodi; uliza nyuma, mukiisha kuzoeana. Juu ya fomu andika wazi atapata nini na lini: bei ya mbegu, ao kalenda ya kupanda mupunga. Sema pia nani atachunga jina lake. Sheria ya numeriki ya 2023 inataka mwenyewe akubali. Na ukurasa uwe mwepesi, maana rezo yetu munaijua.

Leo kila mumoja achukue fomu yake, na kwa kila swali ajiulize: jibu hili litamusaidia mukulima kwa nini? Swali lisilomusaidia, alitoe.