Usukani Unaotetemeka: Hitilafu ya Miaka Mingi

Juzi kwenye barabara ya Mombasa nilifika kilomita 90 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka, na watoto wako nyuma!

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1925 mhandisi Mfaransa, Georges Broulhiet, aliuandikia makala. Enzi hizo ekseli moja iliunganisha magurudumu ya mbele. Moja likiruka, la pili linayumba. Mwaka 1934 Cadillac, kwa kazi ya Maurice Olley, ikauza magari ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea.

Ekseli ikaondoka, balansi ikabaki. Nikafanya kama kwenye programu: badilisha kitu kimoja, kisha jaribu. Magurudumu ya mbele nikayapeleka nyuma. Mtetemo ukahamia kitini. Kumbe kosa ni gurudumu! Fundi akabandika vipande vya risasi, ukaisha.